Redio mpya ilipomeza sauti ya mama

KIPYA kinyemi ingawa kidonda. Methali hii wazee wetu hawakuitunga bure, na mimi maana yake sikufunzwa chuoni bali nimefunzwa na redio ya gari. Leo nataka kuwasimulia wasomaji kisa kilichonipata, kwani najua wengi wetu hapa Mombasa, Malindi, Lamu na kwingineko pwani tumo mbioni kung'oa redio za zamani katika magari yetu na kutia hizi mpya zinazopokea flashi na simu. Huenda kisa hiki kikamponya mtu pesa zake. Na zaidi ya pesa, huenda kikamponya na maneno ambayo yakisha kutoka kinywani hayarudi.

Gari langu ni Peugeot 504 kuukuu, nililolinunua mwaka wa 1989 niliporejea kutoka Jeddah nilikokwenda kutafuta riziki. Ndani yake mlikuwa na redio ya kanda na spika mbili, moja katika kila mlango wa mbele. Redio hiyo ilinitumikia miaka mingi. Ndiyo iliyonichezea taarabu za Juma Bhalo na udi wa Zein L'Abdin katika safari za Malindi, na ndiyo iliyonisomea Kurani kwa sauti ya marehemu Sheikh Abdul-Basit Abdus-Samad wa Misri nilipokuwa nikitoka nyumbani baada ya sala ya alfajiri.

Lakini kanda iliyokuwa na thamani kwangu kuliko zote haikuwa ya nyimbo wala ya kisomo.

Barua ya sauti

Vijana wa leo huenda wasijue kwamba kanda za kaseti, ambazo kampuni ya Philips ilizitoa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1963, kwetu sisi hazikuwa za muziki tu. Zilikuwa barua. Katika miaka ya sabini na themanini watu wetu wengi walikwenda Arabuni kufanya kazi, na simu za ng'ambo zilikuwa ghali na za taabu. Basi mzazi asiyejua kuandika aliketi mbele ya kinasa sauti cha jirani, akasema yote aliyo nayo moyoni, na kanda ikafungwa katika bahasha ikapewa msafiri.

Mama yangu alinitumia kanda kama hiyo mwaka wa 1984 kwa mkono wa mahujaji waliopitia Jeddah. Ni upande mmoja tu, dakika thelathini. Anaanza kwa salamu ndefu za jamaa wote, mmoja mmoja kwa jina. Ananiuliza kama nala vizuri na kama naswali. Ananikumbusha deni la mwenye duka. Katikati ya maneno yake adhana ya alasiri inasikika, naye ananyamaza mpaka mwadhini amalize, kisha anaendelea pale pale alipokuwa ameachia. Karibu na mwisho dada yangu mdogo, ambaye wakati ule alikuwa na miaka mitano, anang'ang'ania naye aseme, na mama anamwambia, "Haya, msalimu kaka yako."

Mama alifariki mwaka wa 1991. Mungu amrehemu. Hatuna sauti yake nyingine popote duniani ila hiyo.

Redio yangu ya zamani ilipoanza kutafuna kanda, niliogopa. Nikampa mwanangu ile barua ya mama aihamishe katika kompyuta na kunitilia katika flashi. Aliifanya kazi hiyo vizuri, lakini alipojaribu kuicheza kanda mara ya pili ilikatika, maana ilikuwa imekauka kwa uzee. Aliniambia, "Baba, usiwe na wasiwasi. Sauti yote imo ndani ya flashi." Akanikabidhi flashi, akarudi Nairobi kwenye kazi yake. Nami nikaenda kununua redio mpya.

Kazi ya nusu saa

Fundi wa kwanza, ambaye jina lake nitalihifadhi, aliing'oa redio ya zamani na kuitia mpya kwa muda usiozidi nusu saa. Nilimwona akihangaika kidogo. Kila alipofunga waya mmoja mweusi kwenye bodi ya gari, kama ulivyokuwa umefungwa zamani, redio mpya ilizimika. Alipouondoa, redio ikawaka na spika zikalia. Basi akauzungushia utepe, akausukuma nyuma ya dashibodi, akasema, "Tayari, mzee."

Nikaondoka nimefurahi. Taa za redio zilikuwa nzuri, za buluu na nyekundu, na maandishi yakipita kama matangazo. Lakini nilipofika Makupa nikaanza kuhisi kasoro. Taarabu ya kisasa niliyokuwa nikiisikiliza ilikuwa na kinanda na matari, ila mwimbaji alikuwa mbali, kama aliyefungiwa chumba cha pili. Besi haikuwako kabisa. Nilipoweka kisomo cha Kurani ilikuwa ajabu zaidi: nilisikia mwangwi wa msikiti, msomaji mwenyewe simsikii.

Nikarudi kwa fundi. Akaniambia spika zangu zimechakaa, haziwezi redio ya kisasa. Nikanunua spika mpya mbili. Hali ikabaki ile ile. Nikarudi tena. Mara hii akaniambia redio ina nguvu ndogo, ninunue amplifaya. Hapo nilisita, si kwa akili bali kwa mfuko. Nikajiambia labda ni masikio yangu ya uzee.

Kimya cha Malindi

Mwezi ule ule nilikwenda Malindi kumtazama dada yangu, yule yule aliyekuwa mtoto katika kanda, ambaye sasa ana wajukuu. Nilikuwa nimemwahidi kumsikilizisha mama. Kwa miaka mingi kanda ilikuwa kwangu, naye hakuwahi kuisikia tangu ukubwani mwake.

Alitoka nyumbani na buibui lake, akaketi kando yangu garini, tukapandisha vioo ili kelele za njia zisiingie. Nikachomeka flashi. Ukaja mvumo wa kanda, shhhh, kama wa bahari ya mbali. Tukangoja. Mvumo ukaendelea. Nikaongeza sauti, mvumo nao ukaongezeka. Mara moja moja kilisikika kitu kama mtu anayenong'ona chini ya maji, kisha kikapotea.

Dada yangu aliniangalia akasema, "Kaka, mama yuko wapi?"

Sikuwa na jibu. Nikaingojea dakika thelathini yote, na sauti ya mama sikuipata. Simu yangu ni ile ya kubonyeza, haina namna ya kusoma flashi. Nikampigia mwanangu pale pale mbele ya shangazi yake, nikamwambia maneno ambayo mzazi hapaswi kumwambia mwanawe. Nikamwambia ameniulia mama yangu mara ya pili. Alijaribu kunieleza, "Baba, naapa nimeisikiliza mwenyewe, sauti imo." Nikakata simu.

Wiki mbili sikusema naye.

Fundi wa Majengo

Alhamdulillahi, Mungu hamtupi mja wake. Rafiki yangu mmoja, baada ya sala ya Ijumaa, alinipeleka kwa mzee mmoja wa Majengo aliyekuwa akitengeneza redio tangu zama za santuri. Mzee huyo hakugusa bisibisi. Aliketi garini, akaniomba niweke wimbo wowote, akasikiliza kwa muda, akacheka.

"Mwimbaji hayuko," akasema.

"Ndivyo, maalim."

Akatafuta katika redio pale panapopeleka sauti kushoto au kulia, akaipeleka yote kushoto. Papo hapo mwimbaji akatokea! Sauti ilikuwa ndogo, lakini safi na kamili. Kisha akaniambia niweke mkono kwenye spika ya kulia, ambayo kwa haki ilipaswa kuwa kimya. Nayo ilikuwa ikilia vile vile.

"Tazama," akasema. "Umeiambia redio ipeleke sauti mlango mmoja, na milango yote miwili inalia. Spika zako hazina ugonjwa, wala redio haina ugonjwa. Ugonjwa uko katika nyaya, pale cha zamani kilipokutana na kipya."

Nikamtolea flashi ya mama. Akaipeleka tena sauti yote upande mmoja. Na mama akasema, "Assalaam alaykum, mwanangu."

Msomaji, sitakueleza hali yangu ilivyokuwa. Nitasema tu kwamba yule mzee alishuka garini, akanifungia mlango taratibu, akaenda kusimama kivulini.

Mvutano wa kamba

Baadaye alinieleza sababu, nami namweleza msomaji kama nilivyofahamu.

Spika huhitaji waya mbili, mmoja wa kwenda na mmoja wa kurudi. Katika redio nyingi za zamani, redio ilisukuma umeme kwa waya mmoja tu, na wa kurudi ulifungwa kwenye bodi ya gari. Kwa hiyo mafundi wa zama zile walibana matumizi: spika mbili zilitumia waya mmoja wa kurudi kwa ushirika. Gari langu lilifungwa hivyo.

Redio za kisasa hazifanyi kazi hivyo. Kila spika hushikwa na redio ncha zote mbili, ncha moja ikisukuma huku nyingine ikivuta, kama wapasuaji magogo wawili wenye msumeno mmoja. Ncha hizo hakuna hata moja inayoruhusiwa kugusa bodi ya gari wala kugusana na ncha ya spika nyingine. Ndiyo maana kila fundi wa kwanza alipoufunga ule waya mweusi kwenye bodi, redio ilizimika kujikinga isiungue. Ilikuwa ikisema kweli, ila haikueleweka.

Alipouacha waya ule unaning'inia, spika zangu mbili zikawa zimefungana mkia kwa mkia, redio ikivuta upande wa kushoto na upande wa kulia. Ni mfano wa watu wanaovutana kamba. Wakivuta kwa nguvu sawa na kwa wakati mmoja, kamba haisogei. Husogea pale tu panapokuwa na tofauti baina yao.

Sasa, mwimbaji katika kanda nyingi huwekwa katikati, yaani sauti yake iko sawa kushoto na kulia. Besi nayo hivyo hivyo. Basi vitu hivyo vilivutana vikasimama, vikabaki vile vilivyotofautiana: kinanda cha upande huu, matari ya upande ule, mwangwi wa msikiti. Na barua ya mama ilinaswa kwa kinasa sauti chenye kipaza sauti kimoja. Sauti yake iko sawa pande zote, kwa hiyo karibu yote ilijifuta. Ule mvumo wa kanda haukuwa sawa pande mbili, ndio maana ulipita. Sauti aliyoihifadhi mwanangu ilikuwamo siku zote.

Dawa yake ilikuwa nyepesi. Mzee aliutupa waya wa ushirika, akapitisha waya mbili mpya kwa kila spika, kila jozi mpaka kwenye redio peke yake. Kazi na vifaa haikufika bei ya spika moja kati ya zile mbili nilizonunua bure.

Wasia wa fundi

Kabla sijaondoka nilimwomba anipe mambo ambayo mtu wa kawaida aweza kuyatazama mwenyewe kabla ya kumwaga pesa. Alinipa haya, nami nayatoa kama nilivyoyapokea.

Kwanza, kabla ya kung'oa redio ya zamani, hesabu nyaya zinazokwenda kwa kila spika. Ukikuta moja tu, au ukikuta spika mbili zinashirikiana moja ya kurudi, usikubali redio mpya ifungwe mpaka zipitishwe nyaya mpya.

Pili, jua rangi. Redio nyingi zinazouzwa peke yake hutumia waya mweupe kwa spika ya mbele kushoto, wa kijivu kwa mbele kulia, wa kijani kwa nyuma kushoto na wa zambarau kwa nyuma kulia. Kila mmoja una mwenzake wa rangi ile ile wenye mstari mweusi, nao ndio wa alama ya kutoa. Waya wa manjano hupata umeme wa betri wakati wote, na mwekundu hupata ufunguo unapozungushwa. Redio ikisahau stesheni kila ukizima gari, tazama hao wawili, huenda wamebadilishana au wa manjano haupati umeme.

Tatu, spika moja ikinyamaza, usikimbilie kununua nyingine. Badilisha nyaya za kushoto na kulia kule nyuma ya redio. Kimya kikihamia spika ya pili, kasoro iko kwa redio. Kikibaki pale pale, kasoro iko kwa spika au waya wake.

Nne, ukiwa na betri ndogo ya tochi ya volti 1.5, zifungue kwanza nyaya za spika kutoka kwa redio, kisha uziguse kwa betri mara moja tu. Spika nzima itatoa mlio, kap. Ukigusisha alama ya kujumlisha kwa ya kujumlisha, karatasi ya spika yapaswa kuruka nje. Ikiruka ndani, nyaya zimegeuzwa. Spika moja ikigeuzwa na nyingine ikawa sawa, besi hupungua na mwimbaji hajulikani alipo, ingawa hapotei kabisa kama wangu.

Tano, ukiwa na mita ya umeme, spika ya omu 4 husoma kati ya omu 3 na 4. Ikisoma sufuri kuna mahali nyaya zimegusana. Isiposoma kitu, imekatika. Na waya wa spika ukipimwa na bodi ya gari, mita isisome kitu. Ikisoma, waya umechubuka mahali, mara nyingi pale unapoingia mlangoni.

Sita, ukisikia mlio mwembamba kama wa mbu unaopanda na kushuka pamoja na moto wa injini, tazama waya mweusi wa redio. Ufungwe kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi na kutu, si juu ya rangi. Hapa pwani chumvi ya hewa hula chuma upesi, kwa hiyo hata waya uliofungwa vizuri mwaka juzi waweza kuwa umeoza leo.

Saba, usidanganyike na maandishi ya sandukuni. Redio iliyoandikwa wati 50 mara nne, nguvu yake ya kudumu huwa chini ya nusu ya hizo. Ukiilazimisha kupita uwezo wake sauti hukwaruza, na mikwaruzo hiyo yaweza kuua hata spika mpya.

Na la mwisho, ambalo mzee alilisema mara mbili: peleka sauti kushoto, kisha kulia, kisha usikilize. Haigharimu hata senti, na kwa kisa changu ndiyo iliyofichua kila kitu.

Msamaha

Jioni ile nilimpigia mwanangu. Sikuanza na habari za nyaya. Nilianza kwa kumwomba radhi. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Baba, mimi nilijua iko siku utamsikia." Ijumaa iliyofuata alishuka kutoka Nairobi, tukaenda naye Malindi.

Tuliketi watatu garini, mwanangu nyuma, dada yangu mbele. Mama aliwasalimu jamaa wote kwa majina, na kila aliyekwisha kutangulia dada alimwombea rehema. Adhana ya mwaka wa 1984 ilipoadhiniwa, sisi nasi tulinyamaza pamoja na mama. Na alipofika pale pa "Haya, msalimu kaka yako", yule mtoto wa miaka mitano akasema salamu zake, na bibi huyu mwenye wajukuu akaziba uso kwa mtandio wake, akicheka na kulia kwa pamoja.

Mwanangu sasa ameiweka sauti hiyo katika flashi tatu, moja kwangu, moja kwa shangazi yake, moja kwake, na nyingine katika kompyuta. Nawashauri wasomaji wenye barua kama hizi masandukuni wafanye vivyo hivyo mapema, kwani kanda haziingoji hiari yetu.

Wazee walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Mimi siwakatazi watu kununua vipya. Redio yangu mpya ni nzuri na naipenda. Ninalosema ni kwamba kipya kinapoingia nyumba ya zamani, yafaa kitazamwe ni wapi kinashikana na kilichokuwako. Na kasoro ikitokea, tuzipime nyaya kwanza kabla ya kuwalaumu watoto wetu.